Tundu la Mwenye Nyumba, Panya wa Mpangaji

Mtu akikuambia amefika Sikwetu, usimuulize njia. Njia ya huko haina hadithi. Wengi wameipita bila kujijua. Muulize alichokikuta. Bibi Nakundwa alifika na kikapu chake cha ukili, ndani mna unga wa uji, majani ya kumkandia mzazi na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, kwa sababu binti yake Ndekusara, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua. Na mzazi asiye na mama karibu ni kama chungu kisicho na kifuniko: kila vumbi lake.

Alimkuta ameegemea ukuta, macho mekundu, nywele hazijaguswa kitana tangu uchungu ulipomshika. Mtoto alikuwa wa kike, ameitwa Namsifu, na kwenye kidole gumba cha mguu wake alikuwa amefungwa kitambaa cheupe. Bibi Nakundwa akampokea, akamnusa shingoni, kwanza upande huu kisha upande ule, halafu akakigusa kile kitambaa.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Ah, mama. Wamemwonja."

"Nani wamemwonja?"

Ndekusara akageuza uso, akainua kidevu kuelekea pembeni mwa chumba. "Wale."

Pale ukutani, chini kabisa, palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Halikuwa tundu la jana. Kingo zake zilikuwa laini na zinang'aa kama mdomo wa mtungi wa siku nyingi. Na mbele ya tundu palikuwa na sahani ya bati yenye wali wa moto na kipande cha samaki, kimechambuliwa miiba.

"Na hii sahani ya nani?" Bibi Nakundwa akauliza, maana binti mwenyewe alikuwa hajala.

"Ni fungu lao, mama. Wanatengewa kwanza. Aliyeshiba haibi."

Bibi Nakundwa alikuwa ametoka mbali na miguu ilikuwa imemvimba. Alikaa kwenye kigoda, akamweka mjukuu mapajani, akalitazama lile tundu. Nalo, angeapa mtu, lilikuwa likimtazama.

Mkwewe, Kirumbe, alirudi mchana kutoka kwenye cherehani yake. Hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe mapema. Alimwamkia mama mkwe akiwa amesimama mlangoni, uso chini, kwa adabu yote ipasayo, akaagiza aletewe maji ya kuoga. Lakini Bibi Nakundwa aliposema, kwa upole tu, kwamba kesho atachota udongo alizibe lile tundu, Kirumbe alishika kifua.

"Mama, nakuomba. Neno hilo usilirudie, majirani watasikia."

"Kuna nini cha kusikia? Tundu si linazibwa?"

Ndipo akaelezwa sheria ya Sikwetu, ambayo watoto wa huko huimbishwa kabla hawajajua kuvaa kaptula. Nchi ile yote ni ya kupanga. Hakuna aliyezaliwa katika nyumba yake. Na ili watu wasigombane, wahenga wao waligawa mali hivi: tundu ni la mwenye nyumba, panya ni wa mpangaji. Asiguse mtu cha mwenzake. Kwa hiyo mpangaji akiziba tundu, ameharibu mali ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiua panya, amechinja mfugo wa mpangaji.

"Na wewe mwenyewe," Bibi Nakundwa akauliza, "si panya wako hao? Huwezi kuwaua?"

"Naweza, mama. Ila nje. Sakafu si yangu, na damu haitakiwi kumwagika juu ya sakafu ya mtu."

"Nje ya nyumba."

"Nje ya nyumba."

"Na wao wanatoka nje ukiwaambia?"

Kirumbe akajikuna kichwa. "Bado hawajatoka, mama."

"Na mtego?"

"Mtego ukiutega unakaa sakafuni, mama. Na sakafu..."

"Si yako. Nimesikia, baba. Nenda kale."

Siku zilizofuata Bibi Nakundwa alifanya kazi iliyomleta. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akampikia uji, akafua nepi, akazianika. Katikati ya kazi hizo akaanza kuwaangalia watu wa Sikwetu. Walikuwa watu wapole, wenye salamu ndefu, na wote walikuwa wanakosa kitu kidogo. Huyu ncha ya sikio, yule kidole cha mwisho cha mguu, mwingine kipande cha kisigino. Viatu vya dukani vilishonwa vikiwa vifupi upande mmoja. Jirani wao, Mama Sikudhani, mwanamke mnene wa kucheka, alipomwona Bibi Nakundwa akiosha miguu uani aliita wenzake waje kutazama.

"Jamani, vidole vyote! Hebu oneni, hata kile kidogo! Bibi, kwenu hamna panya?"

"Wapo. Tunawafukuza."

"Mnafukuza mali!" Mama Sikudhani akapiga makofi kwa mshangao. "Ndiyo maana mnakuja huku na kikapu kimoja."

Wakacheka, na Bibi Nakundwa akacheka nao, maana ugenini kicheko ni sehemu ya chakula. Lakini moyoni alichoka. Kuna uchovu wa kazi, ambao ukilala unaisha, na kuna uchovu wa kusikia neno la kipumbavu likisemwa kwa sauti nzuri. Huo haulaliki.

Kwa kuwa Kirumbe alimsihi asiguse ukuta, alikubali kufuata njia ya watu wa pale. Akamfunga mjukuu mgongoni, akaenda kwa Mtunza Matundu.

Mtunza Matundu alikuja nyumbani mwenyewe, hilo alilifanya upesi na kwa furaha, kwani kazi yake aliipenda. Alikuwa mzee mkavu mwenye fimbo. Alipiga magoti mbele ya tundu, akapitisha kidole kwenye kingo zake, akaweka sikio, akafumba macho.

"Aah," akasema. "Hili ni la zamani. Siku hizi hakuna mtoboaji wa namna hii. Angalia mviringo huu, mama. Angalia."

"Nauona, baba. Linamla mjukuu wangu."

Mzee akageuka, akamtazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliyejaribu. "Tundu halili, mama. Tundu ni uwazi. Umewahi kuona uwazi wenye meno?"

"Sijaona."

"Basi. Mwenye meno ni panya, na panya si wangu. Vuka uwanja, mlango unaotazamana na wangu. Lakini nikupongeze, mnalitunza vizuri."

Bibi Nakundwa akafuatana naye mpaka mlangoni pake, akavuka uwanja. Mtunza Panya alikuwa kijana kidogo, amenawiri, na aliposikia habari alisimama akampa mkono.

"Hongera sana, mama! Panya wenye nguvu ya kumpandia mtoto kitandani ni panya wenye afya. Wapo wapangaji hapa panya wao hata ngazi hawapandi."

"Nashukuru, mwanangu. Nilitaka wapungue."

Yule kijana akakaa tena, uso umebadilika. "Hilo ni shauri zito. Hebu nieleze. Alipomng'ata mtoto, panya alikuwa mzima ndani ya chumba, au mkia ulikuwa bado tunduni?"

"Mkia?"

"Mkia, mama. Panya akiwa mzima ndani ya chumba ni wa mpangaji, na ninyi mnajua la kumfanya."

"Kumwambia atoke nje."

"Vizuri. Lakini akiwa kichwa chumbani na mkia tunduni, basi nusu yake imo katika mali ya mwenye nyumba, na hapo lazima mimi na Mtunza Matundu tukae pamoja."

"Basi kaeni, baba. Ni hapo ng'ambo tu, nimemwacha sasa hivi."

Mtunza Panya akashusha sauti. Kukaa pamoja hakujawahi kutokea. Kuna meza iliyowekwa katikati ya uwanja kwa ajili hiyo, lakini watu wa Matundu husema panya huhesabiwa kwa kichwa chake na watu wa Panya husema huhesabiwa kwa mkia, na mpaka hilo likubaliwe hakuna anayeweza kukaa bila kuonekana ameshindwa. Watu wa Kichwa na watu wa Mkia walikuwa hawaozani. Baba yake mwenyewe alikufa akiwa mtu wa Mkia, na maneno yake ya mwisho yalihusu mkia.

"Mimi nilikuwa natazama kidole cha mtoto," Bibi Nakundwa akasema taratibu. "Mkia sikuuangalia."

"Ndiyo shida ya walalamikaji," akasema Mtunza Panya, wala hakusema kwa ubaya. "Lakini sitakuacha hivi hivi. Nitakuletea Paka."

Na kweli Paka aliletwa. Alikuja amebebwa juu ya mto wa kitambaa na mtu mrefu aliyekuwa akisema kwa niaba yake. Alikuwa paka wa rangi ya majivu, shingo imefutika kwa unene. Ndekusara, ingawa alikuwa mzazi, alilazimika kuinuka kitandani, kwani Paka hawezi kupokelewa na mtu aliyelala. Wakamweka chini karibu na tundu. Paka akainusa sahani ya fungu la panya, akala wali, akala samaki, akalamba sahani mpaka ikatembea sakafuni. Kisha akalala. Baada ya kitambo, panya akatoa kichwa, akatazama huku na huku, akatoka mzima. Akamzunguka Paka kama mtu azungukavyo kisiki njiani, akaona sahani tupu, akarudi alikotoka amekasirika.

"Kaka, umeona?" Bibi Nakundwa akamwambia yule mtu mrefu.

"Tumeona wote. Na yeye ameona."

"Mbona hakufanya kitu?"

"Mama, kazi ya Paka ni kushuhudia." Akamwinua na mto wake. "Sasa jambo lenu limeshuhudiwa. Lina uzito mwingine kabisa."

Alipoondoka, Ndekusara alirudi kitandani akalia kidogo, kilio cha mtu asiye na nguvu ya kulia. Bibi Nakundwa akamwosha uso.

"Mama, ndivyo mambo ya huku yalivyo," binti akasema. "Nilipofika na mimi nilishangaa. Halafu nikazoea. Sikujua kama nimezoea mpaka nilipomwona Namsifu na damu, nikajikuta nasema, afadhali ni kidole tu."

Neno lile lilimchoma Bibi Nakundwa kuliko kile kidole. Alikuwa amekuja kumkanda binti yake mgongo, na sasa aliona pa kukandwa si mgongo.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali alipomaliza kuanika nepi na kuingia ndani. Ndekusara alikuwa amepitiwa na usingizi ameketi, kijiko cha uji bado mkononi. Namsifu alikuwa amelala chali. Na juu ya mto, karibu kabisa na shavu la mtoto, alikaa panya mkubwa akijisafisha masharubu. Hakuwa na haraka. Alimtazama Bibi Nakundwa kama mwenye nyumba amtazamavyo mpangaji aliyeingia bila hodi. Kisha akainamisha pua yake kwenye mdomo wa mtoto, pale palipobaki tone la maziwa.

Bibi Nakundwa alimpiga kwa kanga. Hakupiga kelele, asije akamshtua mzazi. Panya aliruka, akatembea, hakukimbia, alitembea mpaka tunduni, na mkia wake ukabaki nje kidogo kabla haujavutwa ndani. Hata mkia ule safari hii Bibi Nakundwa aliuona vizuri. Haukumwambia kitu.

Akamtazama mjukuu uso mzima, pua, midomo, masikio. Vyote vilikuwa vizima bado. Akachukua jembe dogo la bustani, akatoka.

Alichota udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa ameshautafuna na ukikauka hauna ufa. Akauchanganya na jivu la mekoni. Akaokota chupa zilizovunjika nyuma ya uzio, akazifunga kwenye gunia, akaziponda kwa mchi mpaka zikawa kama chumvi ya mawe. Akatia pilipili kavu, ile ndogo, mbegu na yote. Akakanda. Alikuwa anakanda kwa mikono ile ile aliyomkandia mzazi, na kwa utulivu ule ule, isipokuwa sasa alijifunga matambara vidoleni.

Ndekusara aliamka akamkuta amepiga magoti ukutani.

"Mama! Watatufukuza!"

"Na watufukuze. Niletee maji."

"Baba Namsifu atasema nini?"

"Atasema 'ah, mama'. Niletee maji, mwanangu, udongo unakauka."

Ndekusara alisimama pale, mkono mmoja mdomoni. Alimtazama mama yake, akaitazama sahani, akamtazama mtoto. Kisha akaleta maji. Hakuyaweka tu chini akaondoka. Alipiga magoti naye, na ule mkono wa mwisho wa kusawazisha ukuta ulikuwa wake.

Mle ukutani mlisikika mikwaruzo, halafu chafya, halafu mikwaruzo tena, mbali zaidi, kuelekea kwa jirani. Halafu kimya. Mchana ule Ndekusara alilala kama gogo, na Namsifu alilala juu ya kifua chake, na Bibi Nakundwa alikaa kwenye kigoda akiwatazama, amechoka kuliko alivyopata kuchoka, lakini uchovu wake ulikuwa wa ule unaolalika.

Kirumbe aliporudi alisema, "Ah, mama." Akaugusa ukuta. Akakaa chini. Baadaye alikwenda kumtazama mwanawe aliyelala, akasimama pale muda mrefu, na hakusema tena habari ya ukuta.

Lakini ukuta ulikuwa umeshajisema wenyewe. Walioushitaki kwanza walikuwa majirani. Panya waliokosa mlango kwa Ndekusara walihamia kwa Mama Sikudhani na nyumba iliyofuata, wakakuta fungu halitoshi, wakala pazia. Kisha mwenye nyumba akaarifiwa. Wote wakaitwa kwenye Baraza.

Mwamuzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kipepeo cha ukindu na macho ya usingizi. Mwenye nyumba, Mzee Msangule, alikuja na mwavuli, ananukia udi, mtu mpole ajabu. Katika nyumba ile hakuwahi kuingia, na aliomba kwanza aonyeshwe mshitakiwa ni yupi, ili amsalimie.

"Mimi sina ugomvi na mama huyu," akasema. "Ni mgeni, na ni mzee mwenzangu. Ninachodai ni tundu langu. Nilimpa mkwewe nyumba yenye tundu. Nataka nyumba yenye tundu."

"Bibi, umelichukua tundu la Mzee Msangule?" Mwamuzi akauliza.

"Sikulichukua, mwanangu. Lipo pale pale. Nimelijaza."

Watu wakaguna. Mtunza Matundu alisimama akaeleza, sauti ikimtetemeka, kwamba tundu likijazwa haliwi tundu tena, na kwamba huo ni wizi wa aina mbaya kuliko wote, kwani mwizi wa mbuzi anaweza kumrudisha mbuzi yule yule, ila uwazi ukipotea, uwazi utakaotobolewa baadaye ni mwingine. Wengine walifuta machozi.

Mama Sikudhani naye akasimama, safari hii hacheki. "Mimi Bibi nampenda, na mtoto nampenda. Lakini nilikuwa na panya wangu wa kutosha. Sasa nina wa kwake. Wamekula pazia la harusi yangu. Achukue wanyama wake!"

"Ngoja," akasema Mwamuzi, akaacha kujipepea. "Panya aliyemo nyumbani mwako ni wa nani?"

"Ni... ni wangu. Kisheria."

"Basi huna la kudai. Umeongezewa. Kaa chini, na hongera."

Mama Sikudhani akakaa, hajui afurahi au anune.

Hukumu ikatolewa. Ndekusara na mumewe wachague: wazibue tundu mbele ya watu, au wahame. Na kwa kuwa sheria ya kuhama ilikuwa imesahaulika kwa kukosa watu wa kuitumia, Mwamuzi aliikumbusha: anayehama huondoka na mali yake yote, asimwachie mwenye nyumba hata panya mmoja.

Hapo watu wakaanza kucheka chini chini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowaweka wote Sikwetu. Alikuwepo mzee mmoja, ameketi palepale barazani, aliyeanza kuwakusanya panya wake ili ahame akiwa bado hajaoa. Sasa alikuwa na vitukuu na bado alikuwa anakusanya.

Kirumbe akamwinamia mkewe. "Mama Namsifu, tuzibue tu. Tutamlaza mtoto katikati yetu. Tutampa fungu kubwa zaidi."

"Tutampa nani?"

"Panya."

Bibi Nakundwa alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alimwona binti yake ananyonyesha huku amekaza midomo, akalimeza. Kuna neno ambalo mama akilisema linakuwa la mama, na binti atalirudisha siku moja kama kanga aliyoazimwa.

Ndekusara akasimama na mtoto kifuani.

"Tunahama," akasema.

Kicheko kikapanda. "Na panya?" mtu akapaza sauti. "Mtawabeba kwa pakacha?"

"Panya gani?" Ndekusara akauliza. Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuwa mtu aliyechoka. "Waliokwenda kwa Mama Sikudhani ni wa Mama Sikudhani. Mwamuzi amesema sasa hivi. Kwangu njooni mtafute."

Kicheko kikakatika. Mwamuzi alianza kujipepea, akaacha, akaanza tena. Alimtazama Mtunza Panya, naye Mtunza Panya akamtazama Mtunza Matundu, kwa mara ya kwanza katika maisha yao labda, kisha wote wawili wakatazama chini.

Walikuja kukagua. Mtunza Panya alitikisa godoro, akainua sufuria, akafungua kikapu cha Bibi Nakundwa akapekua kanga. Aliweka sikio ukutani pale palipozibwa, akapiga chafya. Alipekua hata nepi. Mwishowe akasimama katikati ya chumba, akavua kofia.

"Hata mmoja?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli.

"Hata mmoja, baba," akajibu Bibi Nakundwa.

"Maskini," akasema yule kijana. "Mnaondoka watupu kabisa."

Habari zikaenea mtaani kwamba familia ya Kirumbe imefilisika. Walipokuwa wakifunga mizigo watu walikuja kuwapa pole, wakisimama kizingitini, mikono nyuma, kama kwenye msiba. Mafundi wa Mzee Msangule walikuwa wamekwisha fika na tindo wakiugonga ukuta, na mpangaji mpya na mkewe walikuwa wamekaa uani juu ya mafurushi yao wakingoja, yule mke ana mimba kubwa na sahani ya bati mapajani. Bibi Nakundwa alimwendea, akamweleza habari ya udongo wa kichuguu, jivu, chupa na pilipili. Yule mwanamke alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwuliza kama wali wa nazi unafaa kwa fungu, au ni mzito.

Kirumbe alibeba cherehani yake kichwani. Alikuwa amekubali kwenda, lakini alitembea kama mtu anayeota. Alipofika kwenye uzio akaitua, akageuka, akatazama nyumba aliyokuwa akiishi, mtaa mzima umesimama unamtazama kwa huruma. Katika maisha yake hakuwahi kuonewa huruma, na ilimwelemea.

Hapo Mama Sikudhani akajipenyeza mbele, anatweta, amekumbatia kikapu kidogo chenye mfuniko uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani yake kitu kilikuwa kikikwaruza.

"Kirumbe, kaka yangu," akasema, machozi yakimtoka. "Tuligombana, yamekwisha. Jirani ni jirani. Siwezi kukuona unakwenda nchi ya watu bila kitu. Huyu ni wangu mwenyewe, nimemchagua. Ni jike, tena ana mimba. Kaanze naye maisha."

Na huko Sikwetu zawadi haikataliwi. Mtoto hufundishwa kuipokea kwa mikono miwili hata kabla hajajua kusema asante. Mikono ya Kirumbe ikainuka yenyewe. Bibi Nakundwa aliiona ikiinuka, akahisi uchovu wa dunia nzima umemkalia mabegani.

Ndekusara ndiye aliyepiga hatua moja mbele. Hakumtukana mtu. Alimfungua Namsifu kifuani, akamweka katika ile mikono miwili iliyokuwa imenyooshwa, akamrekebisha kichwa vizuri kwenye kiwiko cha baba yake.

"Mshike," akasema. "Mimi nitabeba cherehani."

Kirumbe akasimama amemshika mwanawe, kikapu kinakwaruza mbele yake, hana mkono wa kukipokelea. Akamtazama mtoto. Kisha akamwambia Mama Sikudhani asante, akageuka, akaanza kutembea.